Waliocheza Kabla Mchezo Haujakamilika

Historia ya michezo ya kompyuta huandikwa kwa majina ya waliounda. Waliocheza mapema, wakalalamika hadi mchezo ukabadilishwa, hutajwa kwa mstari mmoja au hawatajwi kabisa. Katika insha hii nitawaangalia hao, na nitabaki kwenye michezo ya vita vya anga za juu, kwa kuwa ni ya zamani sana na kwa kuwa mmoja wa aina hiyo, ambao bado unaundwa, unachezwa mtaani kwetu Rwezamenyo, hapa Kigali.

Mwaka 1961 kampuni ya DEC iliipa MIT, chuo kikuu cha Marekani, kompyuta aina ya PDP-1. Bei ya mashine hiyo ilikuwa takriban dola 120,000, na ilikuwa na kioo cha kuonyeshea picha, jambo lililokuwa adimu siku zile. Kijana mmoja, Steve Russell, alitarajiwa na wenzake aiandikie mchezo. Akawa anasitasita, akisingizia kwamba hana programu ya kukokotoa sini na kosini. Alan Kotok akaenda DEC, akaileta, akamwekea mbele yake. Kisingizio kikaisha. Mwanzoni mwa 1962 Spacewar! ilikuwa inachezeka: vyombo viwili vya anga, wachezaji wawili, kila mmoja akitaka kumlipua mwenzake.

Malalamiko yakaanza papo hapo. Nyota za nyuma zilikuwa zimetawanywa ovyo, na Peter Samson hakuweza kulivumilia hilo. Akaandika programu iliyoonyesha nyota halisi za angani, kila moja mahali pake. Dan Edwards hakuridhika na uchezaji wenyewe, akaweka katikati jua lenye mvutano. Kwa maoni yangu hapo ndipo mkakati ulipozaliwa. Kabla ya jua, mwenye vidole vyepesi ndiye aliyeshinda. Baada ya jua, mchezaji alipaswa kufikiri: nikipita karibu nitapata kasi, nikikosea nitaungua.

Kuna badiliko moja ambalo halikudumu, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Russell alijaribu kuzifanya silaha zisitabirike, kombora likose shabaha kidogo kama silaha za kweli zinavyokosa. Wachezaji hawakulipenda hata kidogo, akaliondoa. Mcheza igisoro yeyote wa hapa kwetu angewaunga mkono. Katika igisoro kete 64 ziko wazi mbele ya wote wawili. Ukishindwa, umeshindwa na mtu, si na bahati.

Malalamiko mengine yalitoka mwilini. Wachezaji walitumia swichi za mashine yenyewe, viwiko vikawauma, na aliyekaa upande mmoja alikiona kioo vizuri kuliko mwenzake. Kotok na Bob Saunders wakatengeneza visanduku vya vitufe vya kushikwa mkononi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hao walikuwa wamekilalia usiku kucha. Baadaye mambo yakageuka: mafundi wa DEC wakawa wanautumia mchezo huo kupima kama PDP-1 mpya inafanya kazi sawasawa. Mchezo uliokuwa ukitafutiwa hitilafu ukawa chombo cha kutafutia hitilafu.

Tunayajua haya kwa sababu mmoja wao, Martin Graetz, aliyeuongezea mchezo uwezo wa chombo kutoweka na kuibukia mahali pengine, aliyaandika mwaka 1981. Asingeandika, tungebaki na jina la Russell peke yake.

Miaka thelathini baadaye Steve Barcia na kampuni yake ya Simtex walikuwa na mchezo wa kutawala nyota, ambao bado haujakamilika, ukiitwa Star Lords. Waandishi wawili wa habari za michezo, Alan Emrich na Tom Hughes, waliucheza na kurudisha maoni mengi. Mwaka 1993 MicroProse iliuchapisha kwa jina la Master of Orion. Emrich ndiye aliyeipa aina hiyo ya michezo jina la 4X, kwa kazi zake nne: kuchunguza, kupanuka, kuvuna na kuangamiza. Jina la aina nzima limetoka kwa mchezaji, si kwa muundaji.

Nije sasa Rwezamenyo. Hapa Kiswahili kilizungumzwa mitaani muda mrefu kabla ya mwaka 2017, kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Vijana sita, mimi nikiwa mmoja wao, tunajaribu mchezo wa anga unaoundwa na watu wa mbali, kwa kompyuta mbili za mtumba. Ulikuwa ukikatika katikati ya vita. Ripoti yetu ya kwanza ilikuwa fupi: mchezo unakwama. Jibu lilikuwa fupi pia: nunueni mashine yenye nguvu zaidi.

Jibu hilo liliuma, maana lilitutoa nje ya mchezo kwa sababu ya mifuko yetu. Lakini dada mmoja wa sekondari alifungua daftari. Kwanza alitukataza neno "kukwama". Akauliza: umeganda, yaani picha imesimama na muziki unaendelea? Au umejifunga wenyewe? Ikaonekana kwamba unaganda, na siku zote ni pale unapobonyeza kumaliza zamu. Tukaazima kompyuta yenye kumbukumbu kubwa, tukafungua mchezo uleule tuliouhifadhi, ukaganda vilevile. Basi mashine zetu hazikuwa na hatia. Tukacheza ramani kubwa bila maadui, haukuganda. Tukawarudisha maadui, tukabadilisha jambo moja moja tu kila mara, hadi tukakipata chanzo: kundi la meli za adui likiwa njiani kuelekea sayari yako, nawe ukaihama sayari hiyo kabla halijafika, mchezo unaganda. Tulirudia mara tatu, mara zote tatu ukaganda.

Ripoti ya pili ilikuwa na hatua saba, na faili la mchezo wenyewe. Shida ilikuwa kuitafsiri, kwa kuwa tulibishana kwa Kiswahili na Kinyarwanda na waundaji hawajui hata kimoja. Toleo lililofuata halikuganda tena. Katika orodha ya marekebisho paliandikwa kwamba hitilafu ya meli zisizo na mahali pa kwenda imeondolewa. Aliyeigundua hakutajwa.

Sisemi kwamba meza yetu ni sawa na ile ya MIT. Wao waliweza kuingiza mkono ndani ya programu, sisi tunagonga mlango kwa nje. Ila daftari sasa lina kurasa thelathini na mbili, na kila ukurasa una tarehe, namba ya toleo, mashine iliyotumika na jina la aliyeona hitilafu. Ukurasa wa mwisho ni wa wiki iliyopita: bei ya madini inageuka kuwa chini ya sifuri ukiuza kwa nyota mbili katika zamu moja. Imetokea mara mbili kati ya tano. Bado hatujajua kwa nini.