Meno ya Papa na Taa katika Mawe ya Tendaguru

Mtu akichimba kisima Njoro, mjini Moshi, hatapata jino la papa. Ardhi ya huko, kama ya miteremko yote ya Kilimanjaro, ni zao la moto wa mlima, na mawe yaliyotoka motoni hayahifadhi mabaki ya samaki. Atakaye kuchunguza habari za papa na taa wa kale katika Tanzania hana budi kushuka kusini mpaka Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya Lindi, yapata kilometa 60.

Tendaguru ilivuma kwa mifupa ya dinosaria. Baina ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wadachi, wataalamu wa makumbusho ya Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, waliongoza uchimbaji huko. Katika miaka ya kazi nyingi waliajiriwa watu karibu 500, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi walichukua mizigo zaidi ya tani 200 hadi bandari ya Lindi.

Lakini pamoja na mifupa hiyo mikubwa yalikuwamo mabaki madogo. Mwili wa papa, na wa taa vilevile, hushikwa na gegedu, nayo huoza upesi. Meno ndiyo yasaliayo. Mengine hayazidi milimita chache, wala hayapatikani ila kwa kuchekecha udongo na kuutazama kwa hadubini. Hayo, pamoja na makombe, yashuhudia kwamba miaka milioni 150 hivi iliyopita bahari ilikuwa ikija na kurudi mahali pale.

Mwaka 2002 Gloria Arratia, Jürgen Kriwet na Wolf-Dieter Heinrich waliyaeleza meno hayo, na taa mmoja wakampa jina jipya, Engaibatis schultzei. Hapa yafaa mwanafunzi wa lugha atue. Engai ni Mungu kwa Kimasai, lugha ya nyika zilizo chini ya Kilimanjaro. Batis ni Kiyunani. Bali wenyeji wa pande za Tendaguru ni Wamwera, na wavuvi wa Lindi wana maneno yao ya siku zote, papa na taa. Jina la kaskazini limevishwa samaki wa kusini.

Mwaka 2019 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyesimamia kuchimbuliwa kwake. Heshima hiyo ilichelewa karne nzima, nayo iliwezekana kwa sababu jina la Keranje lilikuwa limeandikwa. Jino laweza kungoja ndani ya jiwe. Jina la mchimbaji lisipoandikwa hufa pamoja naye.