Ulaji wa Mafuta na Tija ya Mafuta: Lori la Euless Likielekea Houston

Ukimwambia msomaji wa Kiswahili kwamba Houston inaishi kwa uchumi wa mafuta, atakuelewa papo hapo. Atafikiria mitambo ya kusafishia mafuta iliyopangana kando ya mfereji wa meli, matangi, mabomba na makao makuu ya kampuni za petroli. Mwambie sasa kwamba lori lililotoka Euless kwenda huko Houston lina “uchumi mzuri wa mafuta”, naye atakwama. Lori lina uchumi gani? Tafsiri hiyo imefuata maneno ya Kiingereza, fuel economy, ikasahau kwamba neno la pili hapo lina maana yake ya zamani ya kubana matumizi. Halihusu soko wala pato la taifa. Linauliza jambo moja tu: kwa mafuta haya, gari litatufikisha wapi?

Mtaani swali hilo limeshapata majibu mengi. Gari linakula mafuta, linabugia mafuta, au linanusa tu. Mafundi na wauza magari wa Dar es Salaam hawahitaji kamusi kulieleza. Kitenzi kinachorudi kila mara ni kula, na nomino yake, ulaji, imekomaa kiasi cha kutosha kuwa istilahi. Ulaji wa mafuta ni kiasi cha mafuta kinachotumika kwa umbali uliowekwa, kwa mfano lita kwa kila kilomita 100. Ndivyo Ulaya wanavyopima. Marekani hupima kinyume chake: umbali kwa kila galoni ya mafuta. Kipimo hicho cha pili kinastahili jina lake, nami napendekeza tija ya mafuta, kwa kuwa tija ni kile unachokivuna kutokana na ulichokiweka. Ulaji ukipanda ni hasara; tija ikipanda ni faida. Anayeita vyote viwili “matumizi ya mafuta” humwacha msomaji akiulizana na nafsi yake kama namba kubwa ni habari njema au mbaya.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri barabarani. Euless ni mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa DFW, mahali ambapo barabara za 121, 183 na 360 zinakaribiana. Eneo zima la Dallas na Fort Worth lina Waafrika Mashariki wengi, na udereva wa malori ni kazi wanayoijua vizuri, wengine wakiendesha malori ya kampuni, wengine wakiwa wamenunua ya kwao. Safari ya kwenda Houston ni ya barabara kuu namba 45, kupitia Ennis, Corsicana, Madisonville na Huntsville. Tuihesabu kuwa maili 250. Sehemu kubwa ya njia hiyo, nje ya miji, inaruhusu maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120, na Texas haina tena kikomo tofauti cha malori.

Adui wa lori kwenye njia hiyo iliyonyooka ni hewa. Istilahi yake ni ukinzani wa hewa: nguvu ambayo hewa hulirudisha nyuma lori linapoipasua. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Kutoka maili 65 hadi 75 kwa saa, kasi imeongezeka kwa asilimia 15 tu, lakini ukinzani wa hewa umepanda kwa asilimia 33. Kwa lori kubwa la barabara kuu, karibu nusu ya nguvu inayofika kwenye magurudumu huishia kwenye hewa. Inayobaki humezwa zaidi na matairi. Ndiyo maana ulaji haupandi kwa theluthi nzima, bali kwa takriban nusu ya hiyo.

Watengenezaji wa injini na wenye malori wana kanuni yao ya mkato: ukishavuka maili 55 kwa saa, kila maili moja ya kasi unayoongeza hukunyang’anya sehemu moja ya kumi ya maili kwa kila galoni. Chukua lori linalotoa maili 7 kwa galoni likiwa kwenye kasi ya 65. Kwa kanuni hiyo, kwenye 75 litatoa maili 6. Safari ya Houston iliyohitaji galoni 36 sasa inahitaji karibu 42. Galoni 6 ni zaidi ya lita 22. Dereva aliyekwenda kwa 75 atafika takriban nusu saa mapema, na kama dizeli ni dola 4 kwa galoni, nusu saa hiyo imemgharimu dola 24. Kwa anayetembea maili 2,500 kwa wiki, pengo ni galoni karibu 60, yaani dola 240 kila wiki. Hizo ni hesabu za mezani. Barabarani kuna upepo pia.

Na Texas upepo una desturi yake. Mara nyingi huvuma kutoka kusini, upande wa Ghuba ya Meksiko, na Houston iko kusini. Lori linaloteremka kwa maili 65 kwa saa huku upepo wa maili 15 ukilikabili usoni, kwa upande wa hewa ni kama linakwenda 80. Siku hiyo hiyo likirudi Euless, hewa italihesabia 50. Dereva akiona lori limekula sana kwenda na kidogo kurudi, asikimbilie kumlaumu fundi.

Sasa nirudi kwenye istilahi, kwa sababu hapa ndipo zinapogusa mfuko. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Richard Larrick na Jack Soll, walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba kipimo cha maili kwa galoni huwapotosha watu. Tunadhani kila maili inayoongezeka ina thamani ileile. Haina. Kwenye safari ya maili 1,000, lori lililopanda kutoka maili 5 hadi 6 kwa galoni linaokoa galoni 33. Lililopanda kutoka 9 hadi 10 linaokoa 11 tu. Tija imeongezeka kwa maili moja pande zote mbili, lakini akiba ya kwanza ni mara tatu ya ile ya pili. Ukipima kwa ulaji, ukweli huo unausoma moja kwa moja bila kupiga hesabu ya kugawanya. Malori yako kwenye namba hizo za chini, 5, 6 na 7, ambako kosa la kudhani ni kubwa kuliko kwenye magari madogo. Kwa hiyo dereva wa lori namshauri ahesabu kwa ulaji hata kama dashibodi yake ya Kimarekani inamwonyesha tija. Lugha yake imeshampa kitenzi sahihi.

Kupunguza kasi ili kuokoa mafuta kuliwahi kuwa sheria. Baada ya nchi za Kiarabu kusitisha mauzo ya mafuta mwaka 1973, Rais Nixon alitia saini Januari 1974 sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima. Madereva wenye malori yao waligoma na kufunga barabara, wakilia na bei ya dizeli na kikomo hicho pia. Kikomo kililegezwa mwaka 1987 na kufutwa 1995. Mvutano huo kati ya kasi na mafuta unadumu hadi leo: dereva wa kampuni hulipwa kwa maili, na sheria humruhusu saa 11 tu za usukani kwa zamu. Saa 11 kwa kasi ya 75 ni maili 825. Kwa 65 ni 715. Mafuta analipa tajiri, maili analipwa yeye. Anayeendesha lori lake mwenyewe hubeba pande zote mbili, na huyo ndiye mara nyingi unamwona ametulia kwenye njia ya kulia.

Nyumbani mambo ni mengine. Kenya, kanuni za mwaka 2003 zinazojulikana kwa jina la waziri John Michuki ziliyalazimisha magari ya abiria na ya biashara kufungwa vidhibiti mwendo, ambavyo kila mtu huviita gavana, visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa kasi hiyo ukinzani wa hewa haufiki nusu ya ule wa maili 75. Bado lori la Mombasa kwenda Malaba hula zaidi kwa kila kilomita kuliko la Texas, kwa sababu linapanda kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu za Bonde la Ufa, linasimama kwenye mizani na foleni, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufikia tani 56 pamoja na mzigo, wakati kikomo cha kawaida Marekani ni ratili 80,000, takriban tani 36.

Kwa hiyo kulinganisha lita kwa kilomita peke yake ni kuwaonea madereva wetu. Kipimo cha haki ni lita kwa tani-kilomita, tani moja ya shehena ikisogezwa kilomita moja. Tuseme lori la Texas linakula lita 34 kwa kilomita 100 likiwa na shehena ya tani 20: ni lita 1.7 kwa kila tani-kilomita 100. La Mombasa likila lita 50 na tani 28 mgongoni, ni lita 1.8. Wako karibu sawa. Lakini lori likirudi Mombasa tupu, ulaji wake utaonekana mzuri kwenye daftari, huku tani-kilomita zake zikiwa sifuri. Hewa nayo haipungui kwa sababu kontena ni tupu: ukubwa wa uso wa lori haujabadilika, kwa hiyo kwa kasi ileile ukinzani ni uleule. Mwenye lori anayeandika lita na kilomita peke yake aongeze safu ya tatu, ya tani.