Betri ya gari ikifa, inaenda wapi?

Hebu anza na kitu unachokijua: ile betri chini ya boneti. Ukiinyanyua utaguna, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Aliyeivumbua ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, na hadi leo bado ni vibamba vya risasi ndani ya asidi. Gari bovu likifika kwa watu wa skrepa, viti na plastiki vinaweza kukosa mwenyewe. Betri haikosi mnunuzi.

Kwa nini? Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, wakati chuma kinataka zaidi ya 1,500. Jiko la mkaa na sufuria vinatosha (usijaribu, tafadhali!). Tena unaweza kuiyeyusha mara nyingi bila kupungua ubora. Basi kwa hesabu za urejelezaji, betri ni mwanafunzi bora darasani. Shida ni vumbi na moshi wake. Mwili wa mtoto hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, ikajificha mifupani na kuharibu ubongo unaokua. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal, watu walikuwa wakichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili wauze risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa.

Utasema: hao walifanya kienyeji, bila kiwanda. Sawa, twende Mombasa.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi kando kabisa ya mtaa wa Owino Uhuru, wenye wakazi kama 3,000. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia ripoti ya athari za mazingira. Ripoti ikaonya, yeye akaondolewa kwenye kazi hiyo. Kisha mwanawe mchanga akaugua. Akatibiwa magonjwa ya kawaida bila nafuu, hadi damu ilipopimwa: kumbe ni risasi. Mama huyu akaacha kazi, akaandamana na majirani, akakamatwa mwaka 2012. Kiwanda kikafungwa 2014, naye akapewa Tuzo ya Goldman 2015.

Kesi ndiyo iliyochosha watu. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na ikazitia hatiani hata taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaifuta fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwa hiyo hoja ya "kienyeji" mimi siikubali: hapa palikuwa na kiwanda, na wasimamizi walikuwepo.

Hukumu ya 2020 iliagiza kitu kingine pia: udongo wa mtaa usafishwe, ndani ya miezi minne. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa miaka sita, na risasi ilikuwa bado imo humo.