Majaribio ya Python yanagoma? Usikimbilie kushusha upya

Wadau, kwenye kafe za Kariakoo naona mtu anapiga pytest, inatoka ModuleNotFoundError, basi anaanza kushusha kila kitu upya. Saa inakatika, hela inakwenda, tatizo liko palepale.

Soma kwanza jina la moduli iliyotajwa. Kama ni folda yako mwenyewe, hakuna cha kushusha, Python haijui tu ilipo. Simama kwenye folda kuu ya mradi, andika python -m pytest badala ya pytest tupu. Hiyo -m inaingiza folda uliyosimama kwenye sys.path, yaani orodha ya mahali Python inapotafuta. Mara nyingi mchezo unaishia hapo.

Kama ni ya watu, tumia python -m pip install, maana kompyuta ya kafe inaweza kuwa na Python mbili, na pip ikaweka mzigo kwenye ile usiyotumia. Jina nalo lina mtego: cv2 unaishusha kwa jina opencv-python, yaml ni PyYAML.

Ikisema "cannot import name", moduli imeonekana ila hicho kitu hakimo. Angalia usije ukawa umeita faili lako random.py, litaifunika ile ya Python yenyewe (hii inawapiga wengi jamani).

Ikigoma bado, bandika mistari ya mwisho kwenye maoni.