Hofu ya Mwaka 2002: Jinsi Dawa ya Homoni Ilivyopata Jina Baya (Sehemu ya 4)

Sehemu iliyopita tuliongelea dalili za kukoma hedhi. Wengi mkaniuliza swali moja: "Nesi, ile dawa ya homoni si ndiyo inaleta kansa?"

Swali hilo niliulizwa pia na mama mmoja wa hapa Terrat, miaka 51. Mwezi wa saba, baridi ya Mlima Meru inakata, yeye usiku analowana jasho mpaka anabadilisha shuka. Mchana anasahau chenji za wateja. Daktari alishamwandikia dawa, lakini karatasi ilikaa kwenye fundo la kanga miezi minne. Aliogopa.

Simlaumu. Hofu hiyo ina historia, na ukiijua utajua pa kuogopa na pasipo na haja.

Mwaka 1942 Marekani iliruhusu kidonge cha Premarin. Homoni yake, estrojeni, ilitolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu, Feminine Forever, akidai kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu na homoni zitamrudishia mwanamke ujana. Hapo palianza kosa. Kukoma hedhi si ugonjwa, bibi zetu wote walipita humo. Ila dalili zake zinaweza kuwa mateso, na mateso yana tiba.

Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba waliokuwa wakimeza estrojeni peke yake walipata zaidi saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi (siyo ile ya shingo ya kizazi tunayoipima kliniki). Ndipo madaktari wakaongeza homoni ya pili, projestojeni, kuulinda ukuta huo. Kanuni hiyo ipo mpaka leo: mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Aliyetolewa kizazi, kwa kawaida anapewa estrojeni tu.

Sasa tuje mwaka 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulikuwa na wanawake 16,608. Nusu walimeza homoni zote mbili, nusu vidonge visivyo na dawa. Mwezi wa saba ukasimamishwa kabla ya muda wake, maana saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa moyo na damu kuganda vilikuwa vimezidi upande wa dawa. Habari zikatangaza: saratani ya matiti imepanda kwa asilimia 26! Dunia nzima wanawake wakatupa vidonge.

Hebu tuhesabu pamoja. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia dawa, kwa mwaka mmoja waliugua saratani ya matiti 30. Kati ya 10,000 waliotumia, 38. Yaani 8 zaidi. Siyo sifuri, na hao wanane ni mama za watu. Lakini siyo kila anayemeza.

Jambo la pili lililopotea kwenye kelele ni umri. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wameshaacha hedhi miaka mingi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa mwenye dalili kali, akianza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana kizuizi cha kiafya, mara nyingi faida inazidi hatari. Na dawa hiyo inalinda mifupa isivunjike.

Huku kwetu hofu ile ilikuta nyingine. Tangu UMATI ilipoanza kazi ya uzazi wa mpango mwaka 1959, maneno ya mtaani kuhusu vidonge na sindano hayajaisha. Mtu akisikia "homoni" tu, anakumbuka jirani aliyevuja damu baada ya sindano. Jamani, hizi ni tiba mbili tofauti, kwa umri tofauti na dozi tofauti. Usimeze vidonge vya majira vya binti yako ukidhani ni vilevile.

Wapo ambao kwa kawaida hawapewi: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na anayetokwa damu bila sababu kujulikana. Na ukiona damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, usisubiri. Nenda hospitali.

Yule mama nilimwambia arudi kwa daktari na maswali manne. Umri wangu unaniruhusu? Nina kizuizi? Nitumie kidonge, au kibandiko cha ngozi ambacho hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo? Nirudi lini kuangaliwa? Akapimwa presha, akachunguzwa matiti, akaanza. Siku hizi analala. Mwenzake aliyewahi kuganda damu mguuni alikataliwa, akapewa dawa isiyo ya homoni. Wote wawili walipata jibu lao.

Wanangu, mkiona mama au mama mkwe amekuwa mkali na halali, msiseme "uzee". Mpelekeni zahanati aandikiwe rufaa, hata Mount Meru kwa daktari wa wanawake. Na muingie naye ndani, msimwache benchi peke yake.

Sehemu ya 5: mifupa.