Muhuri Juu ya Muhuri

Mwaka 2009 nilipata nafasi ya kwenda Uholanzi kusomea utangazaji kwa miezi mitatu. Nilitakiwa nipeleke cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua wiki tano.

Cheti nilikuwa nacho. Lakini wizarani hawagongi muhuri mpaka walinganishe saini ya cheti na sampuli za saini zilizomo katika jalada lao. Aliyetia saini changu alikwisha staafu, na sampuli yake haikuonekana. Nikarudi kuomba cheti kipya. Ndipo wizara ikagonga muhuri wake, na ubalozi nao ukagonga wa kwake juu ya ule wa wizara. Nilipofika darasani, wenzangu walikuwa wamemaliza wiki ya pili.

Ukweli ni kwamba mihuri ile haikuthibitisha kuwa nilizaliwa. Kila mmoja ulishuhudia saini iliyoutangulia, basi. Ubalozi haumjui msajili, unaijua wizara. Wizara ndiyo inayomjua msajili.

Usumbufu huu ni wa siku nyingi, na dawa yake ilitafutwa siku nyingi. Tarehe 5 Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, mkataba ulifikiwa mjini The Hague, huko huko Uholanzi. Ulianza kutumika tarehe 24 Januari 1965. Badala ya muhuri wa ubalozi, nchi zilizojiunga hupokeana hati moja iitwayo apostili: mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, na ndani yake vipengele 10.

Afrika Kusini ilianza kuutumia mwaka 1995, Oman 2012, Burundi 2015 na Rwanda 2024. Mwaka ule wa safari yangu Tanzania haikuwamo. Hivyo nilikwenda kwa njia ndefu katika nchi ile ile ilikozaliwa njia ya mkato.

Wapo wanaohofu kwamba muhuri mmoja utawanufaisha waghushi. Lakini hata mihuri yangu yote haikuuliza lolote juu ya kuzaliwa kwangu. Mlinzi wa ukweli ni msajili wa kwanza na daftari lake. Huyo akiteleza, mihuri yote itakayofuata itaupamba uongo tu.

Nawe unayetarajia safari, usingoje tiketi. Vitoe vyeti kabatini leo, uitazame saini.