Sare, Maleba na Barakoa: Historia ya Maneno ya Mavazi ya Kuigiza

Baadhi ya shule za mijini siku hizi hutenga siku maalumu ambayo wanafunzi huvaa kama madaktari, askari, wakulima au wahusika wa hadithi. Barua ziwafikiazo wazazi huyaita mavazi hayo mara "sare", mara "mavazi maalumu", mara "mavazi ya ubunifu". Tofauti hiyo si ndogo. Mzazi asomaye "sare" hushika njia ya dukani, kwani sare ni vazi lililoamriwa na lenye kufanana. Angesoma neno jingine, huenda angefungua sanduku la nguo kuukuu. Yafaa basi tuyatazame maneno haya katika historia ya Dar es Salaam, kuanzia Posta hadi Kariakoo.

Waingereza waliutwaa mji huu mwaka 1916, na jina la Kariakoo latokana na kikosi chao cha wapagazi. Posta ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ikiwa na bunduki na vazi kamili la kijeshi. Hapo sare ni sare: serikali imeamuru, askari amevaa.

Ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, katika mitaa ya Waafrika, vazi hilohilo lilipata maana nyingine. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilistawi mjini baada ya vita vya 1914–1918. Vyama vyake mashuhuri, Marini na Arinoti, vilishindana kwa gwaride, kwa vyeo na kwa mavazi. Wachezaji walijipa vyeo vya jeshi na vya ufalme wa Ulaya, wakavaa kwa kuiga maofisa. Mtu aliyenyimwa cheo na utawala wa kikoloni alikipata ngomani.

Je, mavazi yale yalikuwa sare au maleba? Twaona kwamba yalikuwa yote mawili. Kwa wanachama yalikuwa sare, maana yaliwatambulisha kuwa watu wa chama kimoja. Kwa watazamaji yalikuwa maleba, maana mvaaji hakuwa ofisa bali alimwigiza ofisa. Hapa ndipo mpaka wa maneno haya unapodhihirika: sare humtambulisha mtu alivyo, maleba humwonyesha mtu asivyo.

Neno maleba lilihusu mavazi ya mganga na ya mchezaji ngoma, kisha likahamia jukwaani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea shuleni, na sanaa za maonyesho zikapata nafasi katika masomo. Neno likawa tayari mikononi mwa walimu. Halikuhitaji kuundwa upya.

Barakoa nayo yatufunza jambo. Zamani ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa mwambao. Mwaka 2020, ulipoenea ugonjwa wa UVIKO-19, neno hilo likatumika kwa kifuniko cha pua na mdomo, na umma ukalipokea. Kwa hiyo mtoto avaaye uso wa simba katika mchezo ni bora aambiwe amevaa kinyago, ili barakoa isielemewe na maana nyingi.

Tunapendekeza basi kwamba sare libaki kwa vazi lililoamriwa, na maleba litumike kwa vazi la kuigiza, liwe la jukwaani au la siku ya shule. Barua iandikwe hivi: "Mwanafunzi aje na maleba yaliyotengenezwa nyumbani." Hapo kaniki ya bibi na jembe la mpini mfupi vyatosha kumfanya mtoto mkulima, boksi na gunia vyatosha kwa mengine. Mfasiri akichagua neno kwa uangalifu, atakuwa amemwokolea mzazi fedha, na amemwachia mtoto kazi ya kubuni.